Moshi unaoingia kwa nyuma: Matengenezo ya bei ndogo njia ya Kibiti na Nyamisati

Kibiti. Saa 12 asubuhi stendi ya hapa inanukia vitu viwili kwa pamoja: chapati za moto na moshi wa magari. Mabasi ya Dar es Salaam yanaunguruma kujiandaa na safari ya kilomita zipatazo 140, na pembeni yake magari madogo yamepanga foleni ya kwenda vijijini. Injini zinawaka, magari hayatembei. Dereva akizima tu, abiria hudhani gari haliondoki leo na kuhamia la jirani.

Ndani ya magari hayo wapo watoto. Wengine wamepakatwa, wengine wamelala juu ya viroba vya mchele, na wengine wamewekwa kwenye kile kiti cha Hiace kilicho juu ya injini, kiti ambacho kondakta humpa mwenye mtoto kwa kuwa mtu mzima hakitaki. Kina joto, na mfuniko wa injini ukiwa umelegea kina moshi pia.

Wanaokwenda kwenye delta ya Mto Rufiji hurudi kidogo upande wa Dar es Salaam hadi Bungu, kisha huacha lami na kushika barabara ya Nyamisati. Mikorosho inaanza, minazi inafuata, na karibu na mwisho wa safari udongo unageuka kuwa tope jeusi la mikoko. Delta hii ndiyo yenye msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko unaopatikana mahali pamoja kwenye pwani ya Afrika Mashariki, na tangu mwaka 2004 iko katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, pamoja na maji ya Mafia na Kilwa. Ukifika Nyamisati gari limefika mwisho. Kutoka hapo ni mashua, boti na kivuko, na safari hufuata maji kupwa na kujaa, si saa ya ukutani.

Hapo katikati ndipo palipo na jambo ambalo wazazi wengi hawalitazami. Safari si ndefu, lakini kusubiri ni kurefu. Wanasubiri abiria wajae stendi, halafu wanasubiri maji yajae bandarini, mara nyingi wakiwa ndani ya gari linalowaka, mvua ikinyesha, madirisha yamefungwa.

Mmiliki mmoja wa gari la abiria njia hiyo aliligundua kwa mwanawe wa miaka sita. Gari lake si Hiace. Ni basi dogo la petroli lililotoka Uingereza likiwa mtumba, lina miaka zaidi ya 20, na lina uzuri wa usukani kuwa kulia kama ya kwetu. Mtoto alikuwa akipanda nalo mara kwa mara kwenda kwa bibi yake, akikaa kiti cha nyuma kabisa, na kila safari alilalamika kichwa na kutapika. Walimpima malaria, hakuna kitu. Walisema ni kichefuchefu cha safari, wakampa ndimu anuse.

Mkewe ndiye aliyeona kinachofanana. Mtoto akishuka na kucheza ufukweni kwa muda, kichwa kinaacha. Akipanda bodaboda kwenda kulekule hatapiki. Siku moja na yeye mwenyewe alikaa kiti cha nyuma, akafika na kichwa kinamgonga.

"Baba watoto, hili gari linatuumwisha," alimwambia. Mume akajibu kuwa anajua gari lina tatizo, pampu imekufa, taa ya injini inawaka kila siku, na fundi mmoja ameshamshauri aitoe na kuziba tundu zake, gari litaendelea kutembea.

Fundi huyo hakudanganya. Gari lingetembea.

Neno pampu gereji linachanganya watu. Kuna pampu ya mafuta, kuna pampu ya dizeli inayopeleka mafuta kwenye nozeli, kuna pampu ya maji ya kupooza injini. Hii inayozungumzwa hapa ni pampu ya hewa, kifaa kinachoendeshwa na umeme kwenye baadhi ya magari ya petroli. Injini ikiwa ya baridi hupewa petroli nyingi kuliko inavyoweza kuunguza, na mabaki hutoka kwenye bomba la moshi yakiwa na sumu nyingi. Pampu hupuliza hewa safi mwanzoni mwa bomba, palepale moshi unapotoka ukiwa wa moto sana, ili yale mabaki yamalizikie kuungua humo humo. Hufanya kazi dakika chache tu baada ya kuwasha, kisha hujizima. Wamarekani walianza kufunga pampu za aina hiyo kwenye magari miaka ya 1960, zikizungushwa na mkanda wa injini, baada ya moshi kuwashinda California.

Kwa hiyo ni kweli kwamba bila pampu gari linatembea. Kinachobadilika ni kile kinachotoka nyuma asubuhi, stendi, wakati abiria wanapakiwa.

Basi dogo lile lilipelekwa kwa fundi mwingine, mzee mwenye gereji chini ya mwembe, hatua chache kutoka barabara kuu ya Kilwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Liwashe nilisikie."

Liliwashwa. Mlio kama wa mashine ya kusaga ulisikika mbele kwa muda mfupi, ukakoma. Mzee akatikisa kichwa.

"Hiyo haijafa. Iliyokufa hailii."

Kazi aliyoifanya baada ya hapo kila mwenye gari kuukuu angefaidika kuiona, kwa sababu ilikwenda kuanzia kitu cha bei ndogo hadi kikubwa, wakati mafundi wengi huanzia kwenye kununua. Alitazama fyuzi kwanza. Akachomoa rilei na kuweka nyingine ya aina ileile kutoka upande wa honi kuona kama kuna tofauti. Akaifungua pampu na kuipa umeme moja kwa moja kwenye betri kwa sekunde chache. Ikapuliza. Pampu inayopuliza haina sababu ya kutupwa.

Kisha akashika mpira wa hewa unaotoka kwenye pampu. Ulikuwa umepasuka upande wa chini, mahali ambapo mtu hawezi kuona bila kuukunja. Hewa ilikuwa ikivuja njiani, na kompyuta ya gari ilikuwa ikiwasha taa kwa sababu hiyo. Mpira wa joto wenye kipenyo kile, uliokatwa kutoka gari lililokufa, na klipu mbili mpya, ndiyo yalikuwa matengenezo ya tatizo la kwanza.

Tatizo la pili ndilo lililokuwa likiua pampu polepole. Kati ya pampu na bomba la moshi kuna vavu ya kupitisha hewa upande mmoja tu. Ikichoka, moshi wa moto wenye unyevu hurudi nyuma hadi kwenye pampu, maji yanaganda humo, vyuma vinashika kutu, na ndipo mlio wa kusaga unapoanza. Mzee aliifungua vavu ikiwa imepoa, akaifuta, akaiweka mdomoni na kupuliza upande mmoja, kisha mwingine. Pumzi ilipita pande zote mbili. Hicho ndicho kipimo chote, na hakina gharama. Mtu anayefunga pampu mpya na kuacha vavu ya zamani atanunua pampu nyingine baada ya muda.

Vavu haikupatikana Kibiti. Picha ilitumwa kwa simu hadi kwa wauza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, na kesho yake kifurushi kikashushwa na basi.

Delta hii ina kisa kikongwe cha vipuri kwenda Dar es Salaam. Mwaka 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha katika mikono ya mto karibu na Salale baada ya mitambo yake kuharibika. Vyuma vilivyoharibika vilifunguliwa na kubururwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, kisha vikarudishwa vivyo hivyo, kwa nguvu za Waafrika wengi ambao majina yao hakuna aliyeyaandika. Vilifika na kufungwa, lakini Waingereza walikuwa wameshaziba njia za kutokea baharini, na meli ikazama humo Julai 11, 1915. Leo chuma kama hicho kinasafiri chini ya kiti cha abiria kwa usiku mmoja.

Wakati wa kusubiri vavu, mzee aliingia chini ya gari kwa sababu nyingine. Pampu, alieleza, inapunguza sumu inayotoka. Haielezi kwa nini moshi uko ndani. Moshi unaotoka nyuma na kupotea hewani haumlizi mtoto kichwa kila safari.

Alikuta vitu vitatu. Gasketi ya bomba la moshi, pale linapoungana na kipande cha kati, ilikuwa imeungua upande mmoja, na masizi meusi yalikuwa yamechora mstari kwenye sakafu ya gari. Mbele kidogo bomba lilikuwa na tundu la kutu. Hili si la kushangaza kwa gari linaloshinda Nyamisati: tope la mikoko lina chumvi, na chumvi ikikauka kwenye chuma cha moto hula haraka. Na mpira wa mlango wa nyuma ulikuwa umelala, haubani tena.

Mlango wa nyuma ndio wenye hatari kubwa zaidi. Gari linapotembea, hewa nyuma yake huzunguka na kurudi, ikibeba moshi wa bomba lake lenyewe. Mlango ukiwa haubani, moshi huo huvutwa ndani. Sasa mfikirie mlango uliofungwa kwa kamba kwa sababu kuna godoro na matenga ya kamba wabichi yanayochungulia nje, abiria wamefunga madirisha kuzuia vumbi, na mtoto amekaa kiti cha mwisho. Njia ya Nyamisati magari ya namna hiyo si machache.

Sumu inayotisha hapo ni kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Kile kinachonukia kwenye moshi ni vitu vingine, kwa hiyo harufu ikipungua haina maana kwamba sumu imepungua. Ikiingia kwenye mapafu hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu hubaki inazunguka bila kubeba hewa inayotakiwa. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, hivyo huathirika mapema. Mjamzito naye ana sababu ya pekee ya kuhofu, kwa kuwa sumu hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni na huchelewa kumtoka.

Dalili zake zinafanana na mambo ya kawaida: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea, usingizi usio wa saa yake. Ndiyo maana malaria hushukiwa kwanza, na kupima malaria ni sawa kabisa. Kinachotofautisha ni mazingira. Je, watu zaidi ya mmoja wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja? Hakuna homa? Mtu anapata nafuu akishuka na kukaa penye upepo? Waliokaa nyuma wanaumwa kuliko waliokaa mbele?

Mzazi akiona hivyo, injini izimwe na watoto watolewe nje mara moja. Aliyezimia, anayechanganyikiwa, mtoto mchanga aliyelegea au mjamzito wapelekwe kituo cha afya bila kusubiri kuona kama watapata nafuu. Wakifika, waseme wazi kwamba walikuwa ndani ya gari lenye moshi. Taarifa hiyo ina thamani kubwa, kwa sababu kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni kinaweza kuonyesha namba nzuri wakati damu imebeba sumu. Tiba ni oksijeni. Mtu akipumua hewa ya kawaida, nusu ya sumu hiyo huchukua saa nne hadi tano kumtoka. Akipewa oksijeni kamili huwa kama saa moja na nusu.

Wenye magari ya dizeli wasidhani habari hii haiwahusu. Dizeli hutoa kaboni monoksaidi kidogo kuliko petroli, lakini masizi yake ni laini kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu, na mtoto mwenye pumu huyasikia kabla ya wengine. Mwezi Juni 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuanzia Januari 2015 kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni moja, hatua nzuri, ila mafuta masafi hayawezi kuokoa injini yenye chujio la hewa lililojaa vumbi.

Kwa gari la dizeli linalotoa moshi mweusi, mzee wa chini ya mwembe anaanzia kwenye chujio hilo, ea klina. Barabara ya vumbi ikiliziba, injini inakosa hewa na mafuta hayaungui yote. Kulipuliza kwa kompresa kutoka ndani kwenda nje ni kazi ya dakika chache, na likichoka linabadilishwa. Nozeli hufuata, na pampu ya dizeli huwa ya mwisho kwa sababu kuipima kunahitaji mashine na hela. Moshi wa buluu ni injini inayokula oili, na hapo hakuna dawa ya bei ndogo. Anayemuuzia mwenye gari chupa ya kumwaga kwenye oili ili moshi uishe anamuuzia wiki mbili.

Kuna biashara nyingine inayoharibu kazi hii yote. Ndani ya bomba la moshi la magari mengi ya petroli kuna kifaa chenye matundu madogo ambacho mafundi hukiita masega, kwa kufanana na sega la nyuki. Humo kuna madini ya thamani kama platinamu na paladiamu, na wanunuzi wapo. Mwenye gari anaambiwa masega yanabana injini, yanatolewa, anapewa fedha kidogo na kipande cha bomba tupu. Pampu ya hewa iliwekwa pamoja na mambo mengine ili kuyasaidia masega hayo yapate joto haraka asubuhi. Yakishauzwa, sumu iliyokuwa ikisafishwa inatoka kama ilivyo. Gari lile la Uingereza bado lilikuwa nayo, na mzee alimwambia mmiliki asishawishike.

Bomba lilichomelewa kiraka, gasketi ikawekwa mpya, mpira wa mlango ukatolewa kwenye gari lililochinjwa. Jumla ya vyote, pamoja na vavu ya mtumba na mpira wa hewa, haikufika hata nusu ya bei aliyotajiwa ya pampu mpya. Mlio wa kusaga haukuisha. Vyuma vya ndani vilikwisha kula kutu, na mzee alisema hivyo bila kuficha: itafanya kazi, haijulikani mpaka lini.

Mpira wa mlango aliupima kwa karatasi. Unaweka kipande cha gazeti, unafunga mlango juu yake, unavuta. Kikitoka kwa urahisi, mpira haubani. Alizunguka mlango mzima namna hiyo, akakuta pembe moja ya chini bado inaachia, akaongeza kipande. Uvujaji wa bomba aliusikiliza injini ikiwa ya baridi, msaidizi akiziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa muda mfupi. Sauti ya "sss" inaonyesha tundu lilipo. Bomba likishapata moto mchezo huo ni wa kuunguza mkono. Na hakuna wa kuwasha gari ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika tano.

Mama asiye na gari hana vavu ya kupuliza, lakini ana maneno ya kumwambia kondakta. "Kaka, naomba nikae mbele na mtoto, huko nyuma moshi unaingia." Akikataliwa, dirisha. Mlango wa nyuma ukiwa lazima ubaki wazi kwa mzigo, madirisha ya mbele yafunguliwe ili upepo uingie mbele na kutokea nyuma, vumbi livumiliwe. Gari likisimama kusubiri maji bandarini, watoto washuke.

Ndani ya delta, ambako mitumbwi na boti ndizo daladala za vijiji kama Mbwera na Kiomboni, injini nayo huwa nyuma, na upepo wa kusukuma chombo hurudisha moshi kwa waliokaa karibu yake. Watoto hupenda kukaa huko kutazama maji yanavyochemka. Manahodha wenye busara huwasogeza kati. Mtoto wa yule mmiliki alisafiri tena kwenda kwa bibi yake mwisho wa wiki iliyofuata, kiti cha pili kutoka mbele, na alipofika Nyamisati aliomba muhogo wa kukaanga.